Chumba cha Vioo cha Mama Zawadi

Kijana anayeingia kazi ya ujenzi hapa Sydney kwa sababu shuleni hakupenda kuandika, namwonea huruma mapema. Mimi nimeshika nyundo katika mji huu miaka zaidi ya thelathini, na nikihesabu vizuri naona nusu ya miaka hiyo nilikuwa juu ya ngazi, na nusu nyingine nilikuwa kwenye simu nikisikiliza muziki wa kusubiri, au mezani nikitafuta karatasi ambayo mke wangu kaifungia maandazi. Nyie mnaoniita Babu Salehe, mnaonijia baada ya sala na swali lile lile kwa Kiingereza, kama kazi hii ni nzuri, nawajibu kwa Kiswahili ili msome polepole. Ni nzuri sana. Ila naona mnajiandaa kwa nyundo tu, na nyundo ndiyo sehemu nyepesi.

Nitawasimulia kazi yangu ya mwisho, ya wakati wa korona, nilipoondoa chumba cha vioo nyuma ya nyumba ya Mama Zawadi, karibu na Cabramatta, nikajenga chumba cha kweli mahali pake. Vyumba hivyo mnavijua. Watu wa zamani walipenda kubandika kibanda cha vioo nyuma ya nyumba, wakae humo wanywe chai na kuota jua. Huko Ulaya labda kinafaa. Huku magharibi ya Sydney, mwezi wa Januari, ukiacha nyanya mezani humo asubuhi, jioni una mchuzi. Mwezi wa Julai unavaa koti kwenda kuchukua kikombe ulichokisahau.

Mama Zawadi ni Mkongo wa Bukavu, mfanyakazi wa nyumba za wazee, mwanamke wa vicheko na maneno mengi. Siku aliyonipigia simu hakuwa na kicheko. Baba yake, Mzee Byamungu, alikuwa amepata kiharusi. Hospitali ilimtibu, ikamfundisha upya kukaa na kushika kijiko, kisha ikasema nyumbani hawezi kurudi: mlango wa mbele una ngazi, vyumba vya kulala viko ghorofani, na kiti chake cha magurudumu hakiingii bafuni. Akapelekwa nyumba ya wazee kwa muda. Familia ikaambiwa muda huo ukiisha wachague, ama mzee arudi kwenye nyumba inayomfaa, ama watie saini akae huko moja kwa moja. Na Mzee Byamungu hana Kiingereza hata cha kuombea maji ya kunywa. Katika nyumba ile hakuna aliyejua Kiswahili, na kwa ajili ya korona wageni walizuiwa kila mara. Kwenye faili lake walikuwa wamekwisha kuandika kwamba hasemi tena.

"Banasema papa hasemi," Mama Zawadi aliniambia tukiwa tumesimama katika joto la chumba kile cha vioo. "Atasema na nani? Mimi najua zile nyumba, njo kazi yangu. Papa Fundi, siko naomba palais. Niko naomba chumba moja, na douche ya kuogea, na mlango yenye haina ngazi."

"Unakitaka lini?"

"Jana." Akagonga kioo kwa kidole. "Utoe tu vioo, uweke matofali mahali yake. Nani ataona?"

Nilishindwa kujizuia nikacheka, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuja na akili ya Tanga. Kwetu enzi zile, ukitaka kusogeza ukuta au kuezeka baraza, ulianza kwa jirani. Mkeo anapika kitu, unakibeba kimefunikwa kawa, unapiga hodi, mnaulizana hali za watoto mpaka kikombe cha pili, ndipo unasema, "Jirani, nataka kuezeka pale tunapopakana." Akisema hewala, umemaliza. Basi bwana mmoja wa Mombasa aliyekuwa akikaa upande wa Villawood akaniomba nimwezekee baraza. Nikapeleka sahani ya sambusa kwa jirani yake, Mzungu mmoja mpole, akala, akafuta mikono, akasema hana neno. Nikajenga baraza zuri, nalikumbuka mpaka leo. Haikupita miezi minne jirani yule akauza nyumba akaenda zake, na jirani mpya hakuwa amekula sambusa. Akapiga simu halmashauri. Nililifungua baraza lile bati moja moja kwa mikono yangu, mwenye nyumba kakaa kwenye kiti ananitazama.

Stavros, Mgiriki aliyenifundisha kazi ya mji huu, hakunigombeza. Alinikatia mkate na zeituni, akaniambia, "Salehe, jirani akihama anahama na neno lake. Karatasi inabaki na nyumba." Tangu hapo nikawa mtu wa karatasi, ingawa sahani sikuiacha.

Nikamwambia Mama Zawadi hivyo hivyo: ataona atakayenunua, itaona bima, na zaidi ya wote ataona yule mtaalamu atakayekuja kukagua chumba kabla ya kumruhusu mzee arudi. Akiuliza cheti, tutampa nini? Mama Zawadi akakitazama kioo alichokigonga. "Basi tufuate papier," akasema. "Lakini tukimbie."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kazi ilipo. Kwa nyongeza ya nyumba kama ile kuna njia mbili. Ya kwanza ni halmashauri yenyewe: unapeleka michoro, wanawaandikia majirani barua, wanasubiri maoni, na wewe unazeeka. Ya pili ni fupi. Mkaguzi binafsi mwenye leseni anaipitia michoro, na ikiwa umetimiza kila kipimo kilichoandikwa, anakupa cheti bila mjadala. Ila ukipungukiwa upana wa kidole, hana ruhusa ya kukuhurumia. Na njia yoyote utakayoshika, usiguse hata msumari kabla ya cheti, kwa sababu hakuna cheti cha kazi iliyokwisha kuanza. Hilo liandikeni ukutani.

Nilipoomba faili la nyumba, chumba cha vioo hakikuwemo. Aliyekijenga naona naye aliuliza nani ataona. Chini ya nyasi, hatua mbili kutoka ukutani, linapita bomba la maji taka, kwa hiyo watu wa maji nao walitaka kuona misingi yetu inashuka kina gani. Mpima ardhi akaja kuweka vigingi vyake, maana uzio si mpaka, jamani, uzio ni mahali ambapo mtu fulani aliona udongo laini. Akatuonyesha kwamba chumba cha vioo kimesimama sentimita arobaini kutoka mpakani, na njia fupi inataka tisini. Tulikuwa tumepoteza nusu mita ya upana, na chumba chenyewe hakikuwa kipana.

Nilikaa na mchoro ule siku mbili. Kila nikipanga bafu, kiti cha mzee hakigeuki. Mwishowe nikaitupa rula. Nikaazima kiti cha magurudumu, nikachora chumba kizima kwa chaki kwenye sakafu ya zege mbele ya nyumba, kuta, kitanda, choo, yote kwa ukubwa wake. Mama Zawadi akakaa kitini, akakunja mkono mmoja mapajani, akasema, "Sasa mimi njo papa." Akaanza kuzunguka. Akagonga kuta za chaki mara tatu, kila akigonga anasema "aii" kama kaumia kweli, na watu waliokuwa wakipita na mbwa wao walisimama kututazama. Tukahamisha choo kwenye kona. Mlango wa kufunguka tukaufanya wa kuteleza. Sehemu ya kuogea tukaiondolea ukingo, sakafu yote iwe moja na maji yafuate mteremko. Kabla jua halijatuchoma, akageuka mzunguko mzima bila kugusa chaki. Nilipiga picha na vipimo nikavitoa pale pale chini. Nimewahi kusoma vitabu vya vipimo vya walemavu, vizuri tu, lakini mwanamke yule alikuwa amesukuma viti vile kwa miaka na mwili wake ulijua.

Michoro ikaenda kwa mkaguzi, mama mmoja mwembamba asiyepoteza maneno. Zikabaki siku chache cheti kitoke. Na hapo ndipo nilipokosea. Nilimweleza Mama Zawadi habari zote za cheti, ila sikuwaeleza watu wake.

Wakongo wana kitu wanakiita salongo. Ni kazi ya jumuiya, watu wote wanatoka na majembe, hawalipwi, na kazi ya wiki inaisha kwa siku. Kanisa la Mama Zawadi lilikuwa limesikia habari za Mzee Byamungu. Wakati huo korona ilikuwa imelegea kidogo na watu waliweza kukutana nje. Shemasi wao, Papa Dieudonné, aliyekuwa akiendesha forklift kwenye maghala ya Port Botany, akawapanga wanaume kumi na wawili, na Jumamosi moja, Mama Zawadi akiwa kazini, wakaenda kumfanyia wema wa kimyakimya. Walitaka akirudi akute chumba cha vioo hakipo.

Mimi nilipita saa nne asubuhi kuangalia vigingi. Nilisikia nyimbo tangu kona ya barabara, nzuri, za sauti nne. Kisha nyimbo zikakatika ghafla. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nilikuta wanaume kumi na wawili, mabega kama milango, wamebanana kwenye nyasi kimya, na Papa Dieudonné kashika nyundo kubwa huku maji yanamchuruzika kichwani. Juu ya uzio alionekana Bibi Lan, jirani wa Kivietinamu, mwanamke wa kimo cha mtoto wa darasa la nne, kasimama juu ya stuli na barakoa usoni, anawamwagia maji kwa mpira wa bustani.

"Huyu mama anatufukuza," Dieudonné akaniambia kwa unyonge. "Sisi tulikuya kusaidia tu."

Vioo vyote vilikuwa vimetolewa. Chini ya vioo kulikuwa na kiukuta cha mabamba ya saruji, yale wanayoyaita fibro, na kona moja ya kiukuta ilikuwa imemegeka kwa pigo la kwanza. Fibro ya nyumba za umri ule ina asbesto, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Bibi Lan alijua kuliko mimi. Mumewe alikata mabamba yale miaka mingi, na kifua ndicho kilichomuua. Alikuwa ameona nyundo ikiinuliwa, akapiga kelele, hawakumwelewa, akafungulia maji, kwa sababu fibro iliyolowa haitoi vumbi. Nilipowaeleza wale wanaume, Dieudonné aliweka nyundo chini taratibu kama yai. Akaenda mpaka kwenye uzio, nguo zimemganda mwilini, akamshukuru Bibi Lan kwa Kifaransa, na bibi yule, aliyekisoma utotoni kwao, akamjibu kwa Kifaransa.

Nikawarudisha wote nyumbani kwao wakaoge. Kisha nikakaa kwenye ndoo nikashika kichwa. Kazi ilikuwa imeanza, cheti hakijatoka. Tukirudishwa kwenye njia ndefu ya halmashauri, muda wa mzee unaisha na Mama Zawadi anatia saini. Mnajua nilichofikiria? Nilifikiria kuvirudisha vile vioo. Vilikuwa vimepangwa uani, kimoja kimoja, vimetenganishwa na magazeti, hata nyufa havina. Ningeweza kuvifunga tena kabla ya Jumatatu na asijue mtu. Nilisimama nikachukua hata bisibisi. Nawaambieni haya ili mjue kwamba umri haukuondolei tamaa ya njia ya mkato.

Nikaiweka bisibisi, nikampigia simu mkaguzi.

Alikuja alasiri ile ile. Akazunguka, akapiga picha, akapima, hakuniangalia. Mama Zawadi alikuwa amerudi kutoka kazini, kasimama mlangoni na sare yake, mikono kaifungia kwenye aproni. Mkaguzi akaniuliza kama nimewatuma mimi.

"Sikuwatuma, lakini sikuwakataza pia. Kosa langu."

"Kwa nini umenipigia mwenyewe?"

"Yule bibi wa juu ya stuli angekupigia kabla yangu."

Nadhani alitabasamu, barakoa ilificha. Akaugusa mguu wa nguzo kwa kiatu. "Paa lipo. Nguzo zipo. Sakafu ipo," akasema. "Mngeangusha hivi, ningefunga faili. Ninachokiona si ujenzi ulioanza, ni madirisha yaliyotolewa, na pigo moja ambalo lingewaumiza nyinyi kuliko mimi. Waiteni watu wenye leseni ya asbesto. Wengine msiguse kitu." Mama Zawadi akakaa kwenye ngazi ya mlango akalia, akiwa bado anaitikia kwa kichwa.

Watu wa asbesto wakaja na mavazi yao meupe, wakalowesha, wakafunga kwenye plastiki, wakachukua. Cheti kikatoka. Hapo ndipo salongo ikapata kazi yake halali: kuchimba misingi kwa mkono, kwa sababu mashine ingelitikisa lile bomba. Waliimba mchana kutwa. Mama Zawadi akapeleka sombe, kisamvu chao, kwa Bibi Lan, Bibi Lan akarudisha sahani na vitu vya kukaanga vilivyofungwa kwenye majani, mkaguzi akaja akatazama mashimo akasema tumwage zege. Siku ile nilijiona kijana.

Kisha korona ikarudi na hasira. Tukafungiwa, na wiki mbili ujenzi wa mji mzima ukasimamishwa. Fremu yetu ya mbao ilibaki wazi chini ya plastiki, ikipigapiga kwa upepo. Mama Zawadi alikuwa akimwona baba yake kwa dirisha tu, amesimama kwenye maua nje, anaongea kwenye simu ambayo muuguzi anaishika sikioni mwa mzee. Alisema mzee anamtazama lakini midomo haisogei. Kuna siku aliniuliza kama pengine faili lilisema kweli. Nilimwambia nimechagua vigae.

Tuliporuhusiwa tukafanya kazi mafundi wawili tu, barakoa zimelowa jasho, na mkaguzi alikuja kila hatua: fremu, bomba la mvua, utando wa kuzuia maji bafuni kabla ya vigae. Utando huo msiufanyie haraka hata kidogo, maji yana subira kuliko nyinyi. Sakafu yangu niliipima kwa pima maji, halafu nikamalizia kwa gololi. Unaiweka gololi chini ukaitazama inakokwenda. Ikikimbilia kitandani, bomoa.

Mlango wa nje ndio uliokuwa fahari yangu. Hauna ngazi, hauna kizingiti, sakafu ya ndani na ya nje ni moja, na mbele yake nilikata mfereji mwembamba wenye kichungi cha chuma, mvua inazama humo kabla haijafika ndani. Mkaguzi alimwaga ndoo nzima, akasubiri, akatia saini cheti cha mwisho. Mtaalamu wa nyumba ya wazee naye akaja na kiti kitupu, akakisukuma ndani na nje, akaandika kwamba mzee anaweza kurudi.

Alirudi asubuhi ya Jumanne. Papa Dieudonné alikuwa nje ya lango na wenzake wachache, wametengana kama sheria ilivyotaka. Bibi Lan alikuwa juu ya stuli. Muuguzi akashusha kiti kutoka garini, na Mzee Byamungu alikuwa kakiinamia kifua chake, macho chini, kama alivyoandikwa. Mama Zawadi akamsukuma mwenyewe. Kiti kikafika mlangoni, magurudumu ya mbele yakapita bila kutikisika, nami kimoyomoyo nikajipongeza.

Mzee akanyoosha mkono wake ulio mzima akashika fremu. Kiti kikasimama. Akatazama chini pale kizingiti kilipopaswa kuwa, akatazama sana.

"Nani alijenga hii mulango?" akasema. Sauti ilikuwa nzito na maneno yalivutwa upande mmoja, lakini yalisikika mpaka langoni. "Haina kizingiti. Mvua itaingia."

Mama Zawadi akaachia mpini wa kiti akakaa sakafuni, analia na kucheka kwa pamoja. Nje wakaanza kupiga makofi. Muuguzi, mwenye lile faili mkononi, akaniuliza mzee kasema nini.

"Anasema fundi hajui kazi," nikamjibu.

Miaka yote ile nimekosolewa na wengi, na sijawahi kufurahi namna ile. Nikachuchumaa mbele ya kiti nikamwonyesha mfereji, nikamweleza mteremko, nikamwambia maji yanapotelea wapi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Akasema Bukavu mvua inakuja kwa upande. Nikamwambia hata hapa inakuja kwa upande. Akasema basi nimejenga vibaya. Nikamwambia mkaguzi mwenye leseni kapitisha. Akauliza kama huyo mkaguzi ndiye atakayelala humu, na kabla sijajibu akaagiza nilete maji amwage mwenyewe, aone kwa macho yake. Nikaenda kutafuta ndoo.